Kichupa cha Nyumba ya Saba

Ninyi wa darasa la sita mtakaokabidhiwa vibanio na chekeche likizo ijayo, niamkieni kwanza ndipo tuendelee. Marahaba. Mimi ni mstaafu. Nina miaka kumi na saba, niko darasa la nane, mgongo haujapinda na meno yote ninayo, lakini kazi ya kukusanya papasi nimeifanya likizo nne na sasa siifanyi tena. Mtu wa namna hiyo ni mstaafu, hata kama ndevu zake bado zinahesabika.

Mzee Severini ndiye aliyesema niwaandikie. Yeye ni mkuu wa wasaidizi pale nyumba ya utafiti, na zamani alikuwa mpiga kasia Kivukoni, kwa hiyo anakuona ukizama kabla hujajua kama umelowa. Nilimwuliza niandike kurasa ngapi. Akajibu kwamba ukubwa wa ujinga wangu naujua mwenyewe, nipime.

Basi nimepima. Someni yote, hata pale ninapochekesha, maana mimi nikiogopa ndipo ninapochekesha, na habari hii bado naiogopa. Mpaka leo nikisikia meno ya mtu yanagongana mchana wa jua, nageuka kutafuta ni nani.

Tuanze na papasi. Huyu hagandi mwilini kama kupe wa ng'ombe. Anakaa kwenye nyufa za sakafu ya udongo, karibu na miguu ya kitanda na kando ya mafiga. Watu wakilala anatoka, anakunywa damu, anarudi kwake kabla hujageuka ubavu. Ukimgusa anajifanya amekufa, na anaigiza vizuri kuliko mimi. Msimchokonoe kwa kijiti. Chota vumbi la kwenye ufa kwa kijiko, lichekeche, limwage juu ya shuka nyeupe juani, halafu inama umhemee. Sikusema umpulizie. Ukipuliza kama unapoza uji, atabaki maiti mpaka jioni. Mhemee pumzi ya moto kutoka kifuani, kama fundi saa anavyohemea kioo kabla ya kukifuta. Papasi akiisikia pumzi hiyo anajua mlo umefika, anakunjua miguu minane na kuanza safari. Hapo umbane. Mzee Severini alinifundisha hivyo siku ya kwanza, baada ya kunikuta nimekaa saa nzima nikiwatukana papasi kwa Kipogoro, nikidhani watakasirika wainuke.

Jambo la pili ni hodi. Bisheni, amkieni, subirini kukaribishwa. Mnakwenda kuchimba chini ya kitanda cha mtu, na watu wa Lipangalala mwanzoni waliamini kabisa kwamba tunatafuta rupia zilizofukiwa na Wajerumani. Mzee mmoja alinifuata na tochi kila nilipoinama, akaniambia tukizipata tugawane wawili tu, Bwana asijue.

Bwana ni mtafiti wetu. Tunamwita Bwana Papasi, naye anajua, na anaitika. Kiswahili chake ni cha polepole, kila neno analiweka chini kama anaweka yai. Kazi yake ni kujua papasi wa nyumba ipi wamebeba homa na wa nyumba ipi hawakubeba, na kwa nini. Papasi mnaowaleta huachwa wanyonye damu ya panya weupe, nyumba moja panya wake mmoja, halafu damu ya panya hutazamwa kwenye hadubini siku baada ya siku. Wale panya wanakula vizuri kuliko bweni zima la shule yetu. Niliwahi kumwambia Mzee Severini kwamba nikifa nizaliwe panya mweupe. Akasema subira, huenda nisihitaji kufa.

Baba zenu watawauliza walichoniuliza mimi: serikali inachukua kodi halafu inalisha panya? Mimi nikawa nacheka nao. Mzee Severini alinisikia siku moja, akaniweka chini. Alinionyesha lile pipa la unga wa dawa tunaonyunyiza kwenye nyufa. Akasema unga ule haukutafutwa kwa ajili ya papasi. Watu wa serikali waliuhangaikia kwa ajili ya nzige, walipokuwa wakimaliza mashamba, na hakuna aliyewaza sakafu ya mtu. Baadaye mwingine akajiuliza, je, papasi? Na hadubini ile nayo ina ukoo mrefu kuliko wangu. Sehemu ya fedha ni kodi ya baba zetu, na sehemu kubwa ni kodi ya watu wa kwao Bwana, ambao hawajui Ifakara iko upande gani wa jua. Niliwaza kwamba kuna mama mmoja huko kwenye baridi anakatwa kodi kwa ajili ya papasi wa bibi yangu, nikacheka sana. Mzee Severini hakucheka. Alisema, "Huyo mama hakuoni, kijana. Kwa hiyo anachoweza kukufanyia ni kukuamini tu."

Sikumwelewa. Sasa nakuja kwenye kichupa.

Kila kichupa kina kikaratasi chenye namba ya nyumba, kimeandikwa kwa penseli tangu asubuhi, kabla hamjatoka. Likizo ile ya mwisho mimi nilipewa nyumba nane za Lipangalala. Ya saba ilikuwa ya Mama Zuhura, muuza vitumbua. Mnamjua. Mama Zuhura ana mwili na ana mwendo, na mwezi mmoja kabla ya hapo mimi nilikuwa nimejifunga mto tumboni na sinia kichwani, nikauigiza mwendo ule gulioni, mbele ya watu wengi, bila kujua kwamba watu walikuwa wameanza kucheka kwa sababu ameshasimama nyuma yangu. Alisema kwa sauti ndogo kwamba siku nikikanyaga kizingiti chake, mafuta ya vitumbua yatakuwa motoni yakinisubiri.

Jumatatu nilimaliza nyumba ya sita, nikaiona ya saba, na moshi wa jiko lake. Nikapita kama mtu aliyekumbuka safari. Ya nane nikaifanya. Nikabaki na kichupa kimoja kitupu chenye namba saba.

Bibi yangu anakaa hapo hapo Lipangalala, na ndiye aliyenilea pamoja na dada yangu Hilda. Nyumba yake haikuwa kwenye orodha. Nyufa za chumba chake nilizijua kama mistari ya kiganja. Nikaingia, nikahema mara chache, nikajaza kichupa, nikapanga foleni na wenzangu saa sita nikiwa nimeshika vichupa vinane na uso wa mtakatifu. Nilijiambia papasi ni papasi. Mzee Severini aliandika kwenye daftari kubwa: nyumba ya saba, papasi kumi na mmoja. Akanisifu kwamba nimefanya haraka.

Alhamisi akaja dada Hilda.

Hilda ameolewa na mwalimu, ng'ambo ya mto, juu milimani upande wa Mahenge. Anakaa nyumba ya mwalimu, sakafu ya saruji. Alikuwa na mimba ya kwanza ya miezi minane, na kwetu mimba ya kwanza mtu huja kuzalia kwao, kwa hiyo alivuka Kivukoni na sanduku lake la bati, akatandikiwa chumba cha Bibi. Sikuwaza lolote. Nililala chumba cha pili, nikaumwa na papasi kama nilivyoumwa tangu utotoni, nikaamka mzima.

Jumatano iliyofuata Bwana aliniita kwenye hadubini. Alipenda tuone wenyewe. Niliweka jicho. Ndani mlikuwa na damu ya panya, mabakuli madogo madogo mengi, na katikati yake vitu kama uzi uliofumuliwa ukabaki na mikunjo yake, vinajipinda, vinakwenda. Nilivitazama kwa furaha kabisa. Nikauliza ni panya yupi.

"Nyumba ya saba," akasema Bwana. "Vijidudu wengi sana. Leo hii tupeleke unga huko."

Damu yangu nayo ilijipinda. Niliinua kichwa, nikamwona Mzee Severini ameanza kupima unga wa kupeleka kwa Mama Zuhura, na nikajua mahali pekee hapa duniani ambapo unga ule ulitakiwa kwenda. Hilda alikuwa ameshalala kule siku sita.

Mngetegemea niseme pale pale. Mimi pia nilitegemea. Badala yake niliomba ruhusa ya kwenda chooni, nikakimbia mpaka Lipangalala, nikamwambia Bibi kwamba Hilda ahamie kwa jirani, mara moja, kwa sababu nimeota ndoto mbaya. Nilikuwa natafuta njia ya kumwokoa dada yangu bila mimi kuguswa. Bibi aliniangalia. Ananiita mume wangu, kama bibi zenu wanavyowaita ninyi.

"Mume wangu, ndoto ya saa nne asubuhi?"

Akaninyooshea kidole uani. Hilda alikuwa amekaa juani, jua la Ifakara la Desemba, amejifunika blanketi hadi masikioni, na meno yake yanagongana.

Sikumbuki njia ya kurudi. Nakumbuka Mzee Severini na kijiko chake cha unga.

"Mzee, wale papasi wa namba saba."

"Wamefanya nini?"

"Si wa namba saba."

Akaweka kijiko chini taratibu. "Wa wapi?"

"Wa kwa bibi."

"Kwa bibi yako analala nani?"

"Mimi na Bibi. Na dada Hilda, ana mimba kubwa."

"Anatetemeka?"

Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa tayari kwa kofi, na nawaambia kweli, nililitaka. Mzee Severini aliuliza tu kofia yake iko wapi. Ilikuwa kichwani mwake.

Tulikwenda watatu, mimi, yeye na Bwana. Bwana alimtoboa Hilda kidole, akaweka damu kwenye kioo, akanituma nikipeleke kwa mwenzake kwenye hadubini nikimbie, nami nilikimbia na damu ya dada yangu mkononi kama mtu aliyebeba kaa la moto. Nilirudi na kikaratasi. Vijidudu vilikuwepo. Hilda akachomwa sindano.

Msidhani sindano ndiyo mwisho. Baada ya sindano alitetemeka zaidi, kitanda kikawa kinalia. Bwana alimwambia Bibi kwamba ni kawaida, vijidudu vinapokufa vingi kwa pamoja mwili hutikisika, lakini niliona Bwana mwenyewe anashika saa yake na haiangalii. Kuhusu mtoto hakuna aliyeuliza. Kila mtu alikwepa kutazama tumbo. Alasiri jasho likamtoka Hilda, akaomba maji, akaniona nimejikunyata mlangoni, akaniuliza kwa nini leo sichekeshi.

Mzee Severini akaleta ndoo ya unga. Bibi akasimama mlangoni.

Alisema wale wanaotaka kuwaua ni papasi wa nyumba hii. Walimuuma mama yake, wamemuuma yeye, wametuuma sisi tangu tuko wachanga, ndiyo maana hatuugui. Mtoto wa nyumba akisafiri hufungiwa papasi wachache wa nyumbani kwenye fundo la kitambaa, awe analala nao kule aliko, wamuume kidogo kidogo, damu yake isiwasahau. Hilda alipoolewa alifungiwa fundo lake. Alilitupa mtoni Kivukoni, katikati ya kivuko, kwa aibu ya mumewe mwalimu.

"Miaka mitatu kwenye saruji," Bibi akasema. "Amerudi mgeni. Papasi wamemuuma kama mgeni. Kosa la papasi liko wapi?"

Mimi lile fundo nimelijua maisha yangu yote, na nimelichekea maisha yangu yote. Niliwahi kuliigiza darasani. Bwana hakucheka. Alivuta kigoda, akaomba ruhusa ya kukaa, akatoa kalamu, akamwuliza Bibi ni papasi wangapi kwa fundo, wa kiume au wowote, na mtu akikaa mbali muda gani ndipo anageuka mgeni. Bibi alijibu kila swali. Bwana aliandika kurasa tatu. Mimi nilikuwa nimelala juu ya habari hiyo miaka kumi na saba, nikiiona ushamba.

Mwishoni Bwana alimwambia, yai baada ya yai, kwamba Bibi ameona kweli, ila kwa mwenye mimba na kwa mtoto mchanga kuizoesha damu homa kwa namna hiyo ni hatari mno. Bibi akapisha mlango. Akakubali unga, kwa sharti moja: papasi wachache wa nyumba yake wawekwe hai kule kwenye nyumba ya utafiti. Wapo mpaka leo, kichupa cha kizibo cha pamba, rafu ya juu. Siku za gulio Bibi hupita kuuliza kama wamekula. Mwitikieni kwa heshima, mwonyesheni.

Halafu ikaanza kungoja. Homa ya papasi ina tabia ya kuaga na kurudi, kama mgeni aliyesahau fimbo yake. Mtu anakaa wiki anachota maji, anacheka, kisha inampiga upya. Bwana alisema sindano kwa kawaida huizuia, na lile neno kwa kawaida nililibeba kila mahali. Kila asubuhi nilisimama nje ya dirisha la Hilda kusikiliza meno.

Siku ya pili ya kungoja, Mzee Severini alinifungulia daftari kubwa. Nilidhani atauchana ukurasa, nikasogea nimsaidie. Akanipiga mkono, ndilo pigo pekee nililopata. Daftari la utafiti halichanwi. Alinipa kalamu ya wino nipige mstari mmoja juu ya papasi kumi na mmoja, mstari unaoacha maneno yasomeke, na pembeni niandike: Papasi hawa si wa nyumba ya saba. Niliwatoa kwa bibi yangu. Chini yake nikaweka jina langu. Mtakapofungua daftari hilo mtaukuta, na watakaokuja baada yenu watausoma, na huyo mama wa kwenye baridi akipanda meli akaja ataonyeshwa.

"Sasa chukua kichupa," akasema. "Nyumba ya saba inakungoja."

Mafuta yalikuwa motoni kweli. Nilisimama nje ya kizingiti, nikasema hodi, nikasema shikamoo Mama, na kabla hajajibu nikaeleza yote, gulio, mto, kichupa, Hilda. Mama Zuhura aliendelea kugeuza vitumbua mpaka nilipoishiwa.

"Dada yako anakula?" akauliza.

"Kidogo."

Akafunga vitumbua vitano kwenye jani. "Mpelekee. Wewe usionje. Haya ingia uchimbe."

Niliingia nikapiga magoti, na hapakuwa na pa kuchimba. Ile sakafu haikuwa na ufa. Ilikuwa ngumu, imeng'aa, kijiko kikateleza. Nilitambaa chini ya kitanda, kando ya jiko, kwenye kila kona, nikakwangua vumbi la kiganja kimoja tu, nikalimwaga juani, nikahema mpaka nikaona nyota. Hakuna kilichotembea. Mama Zuhura akaniuliza kama nimepoteza pete. Ndipo akanieleza kwamba sakafu yake ni udongo wa kichuguu, uliopondwa, ukalowekwa, ukatwangwa chini kwa mchi siku tatu, na kila Ijumaa anaukandika upya kwa maji ya udongo huo huo. Mama yake alifanya hivyo. Papasi humo hajawahi kumwona.

Nilirudi na kichupa kitupu nikiwa na hofu mpya, kwamba nitaambiwa nimedanganya tena. Mzee Severini aliniangalia sana. Akaniuliza mara tatu. Kisha akaenda kumwita Bwana, na Bwana akavaa viatu huku anatembea. Jioni ile alikuwa amelala kifudifudi chini ya kitanda cha Mama Zuhura, miguu tu ndiyo inaonekana, na watu wa Lipangalala wakawa na hakika kwamba sasa rupia zimepatikana.

Oneni basi nilichotaka kukifanya. Katika nyumba zote za orodha, moja tu ilikuwa na jibu, nami ndiyo niliyoijazia kichupa uongo. Unga wa dawa unaletwa kwa meli na unakwisha. Kichuguu kiko nyuma ya kila nyumba. Bwana alitutuma tutafute nyumba nyingine zenye sakafu ya namna ile, tukazikuta, tukahema bure. Sasa afisa wa afya ameanza kuwapitia watu akiwafundisha, na mwalimu wake mkuu ni Mama Zuhura, anatembea mbele kwa ule mwendo wake, na mimi nikimwona napisha njia.

Sakafu ya Bibi niliitwanga mimi. Siku tatu, mchi, malengelenge viganja vyote, Hilda amekaa uani akinisimamia na tumbo lake, nami natwanga huku nasikiliza meno. Siku ya saba ya kungoja ikapita. Ya nane, ya tisa. Siku ya kumi na moja akashikwa na kitu, nikaangusha mchi nikakimbia kumwita Bwana, kumbe haikuwa homa. Alikuwa mtoto wa kike. Bibi alimtoa nje kuangaliwa, na mimi jambo la kwanza nililofanya ni kuinama nisikie kama anatetemeka. Alipiga chafya.

Kazi yangu iliishia likizo ile. Bwana alinipa mkono, Mzee Severini akachukua kibanio.

Baada ya arobaini niliwasindikiza Kivukoni. Tulipokuwa kwenye kivuko, niliona kwenye kona ya nguo ya mtoto kuna fundo. Nililijua lile fundo. Ni Bibi aliyelifunga. Nilitazama maji, nikamtazama Hilda, naye akawa anatazama ng'ambo, akijifanya haoni. Nikalifungua, nikaliinamia, nikahema pumzi ya moto kutoka kifuani, na kungoja kitu kitembee.

Kilikuwa kibonge cha udongo wa kichuguu. Nikahema mara ya pili, kuhakikisha, halafu nikalifunga tena kama nilivyolikuta.